WAZEE WASIOFUNGWA KAMBA

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, jiulize swali moja. Wewe ukizeeka, utaishi wapi? Nani atakuchotea maji? Nani atakupikia uji siku ambayo huwezi kuinuka kitandani?

Vijana wengi hawapendi swali hili. Lakini wahenga walisema, ujana ni moshi, ukienda haurudi. Tukijaliwa uhai, sote tutazeeka.

Leo tutakueleza habari za kijiji kimoja cha wazee. Kijiji hicho kinaitwa Kendal, nacho kiko Marekani, mbali sana na hapa kwetu. Watu wake wana desturi tofauti na zetu. Hata hivyo jambo walilolifanya kwa ajili ya wazee linafaa kujulikana na kila mtu mwenye mama, baba, bibi au babu.

KIJIJI KIKO WAPI

Kendal iko katika jimbo la Pennsylvania, upande wa mashariki wa Marekani. Iko karibu na mji mdogo uitwao Kennett Square. Mji huo unasifika kwa kilimo cha uyoga. Uyoga hukuzwa ndani ya majengo yenye giza, juu ya mbolea iliyoozeshwa vizuri. Watu wa kwanza kuanzisha kilimo hicho pale, zaidi ya miaka 100 iliyopita, walikuwa watu wa dini ya Marafiki. Watu wa dini hiyo hiyo ndio walioanzisha kijiji cha wazee cha Kendal mwaka 1973.

Basi ukitaka kuijua Kendal, yakupasa kwanza uwajue Marafiki.

MARAFIKI NI WATU GANI

Marafiki ni Wakristo walioanza huko Uingereza kati ya mwaka 1640 na 1660. Kiongozi wao wa kwanza alikuwa George Fox, mtoto wa mfumaji nguo. Alizaliwa mwaka 1624. Watu wengine waliwapa jina la kuwadhihaki, wakawaita Wakweka, maana yake watu wanaotetemeka. Marafiki hawakukasirika. Jina hilo limebaki hata leo.

Fox alifundisha kwamba ndani ya kila mtu kuna nuru ya Mungu. Iko ndani ya tajiri na ndani ya maskini. Iko ndani ya mwanamume na ndani ya mwanamke. Iko ndani ya mtoto na ndani ya mzee asiyeweza tena kukumbuka jina lake.

Kwa sababu ya imani hiyo Marafiki walifanya mambo yaliyowaudhi wakubwa. Walikataa kuvua kofia mbele ya mabwana, kwa kuwa watu wote ni sawa. Walikataa kwenda vitani. Walikataa kula kiapo mahakamani, wakisema kwamba mtu mkweli husema kweli siku zote. Madukani mwao waliuza kwa bei moja, awe mnunuzi ni mtoto au ni mtu mzima. Maelfu yao walitiwa gerezani.

Mwaka 1652 Fox alikwenda kaskazini ya Uingereza, akapata wafuasi wengi katika sehemu za mji uitwao Kendal. Marafiki wa sehemu hizo walianza kuchanga fedha. Fedha hizo zilisaidia wahubiri waliokuwa safarini na wenzao waliofungwa. Jina la kijiji chetu cha wazee lilitoka katika mji huo.

WALIKOSEA, WAKAJIREKEBISHA

Mwaka 1681 mfalme wa Uingereza alimpa Rafiki mmoja, William Penn, nchi kubwa huko Amerika. Nchi hiyo ndiyo Pennsylvania. Marafiki wengi walihamia huko ili wapate kuabudu kwa amani.

Lakini, ndugu msomaji, tusiwasifu kupita kiasi. Watu hao waliosema kwamba binadamu wote ni sawa, wengi wao walinunua watumwa kutoka Afrika. Hata Penn mwenyewe alikuwa na watumwa.

Mwaka 1688 watu wanne wa kijiji cha Germantown waliandika barua ya kupinga. Walisema kumnunua mtu ni dhambi. Wenzao hawakutaka kuwasikiliza. Mabishano yaliendelea mwaka hata mwaka. Mtu mmoja, John Woolman, alisafiri nyumba kwa nyumba akiongea na wenye watumwa kwa upole. Mwisho, mwaka 1776, Marafiki wa Philadelphia waliamua kwamba mwenye kuwa na watumwa hawezi kuwa mwenzao. Yaani kosa hilo walilijua kwa muda wa miaka 88 kabla ya kuliacha.

Baadaye sehemu za Kennett zikawa njia ya watumwa waliokuwa wakitoroka kutoka majimbo ya kusini. Marafiki wengi, pamoja na watu weusi waliokuwa huru, waliwaficha majumbani mwao na kuwasafirisha usiku. Ardhi ambayo leo wazee wa Kendal hutembea juu yake iko karibu na njia hizo.

MINYORORO YA YORK

Iko habari nyingine ya zamani inayotusaidia kuelewa mambo ya Kendal.

Mwaka 1790, katika mji wa York huko Uingereza, mjane mmoja aliyeitwa Hannah Mills alipelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Alikuwa Rafiki. Wenzake walipokwenda kumwona walizuiwa. Baada ya wiki chache akafa. Siku hizo wagonjwa wa akili walifungwa minyororo, wakapigwa, wakalazwa penye uchafu.

Marafiki walihuzunika sana. Mmoja wao, William Tuke, mfanya biashara ya chai, alisema afadhali wajenge nyumba yao wenyewe. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1796. Mle ndani wagonjwa hawakufungwa minyororo. Walipewa chakula kizuri, kazi ya bustani na maneno ya upole. Wengi walipata nafuu. Watu wa nchi nyingine walikuja kutazama, wakaiga.

Kumbuka habari hii. Tutairudia.

KENDAL ILIANZAJE

Baada ya mwaka 1960 Marafiki wa Pennsylvania waliona shida mpya. Huko Marekani watoto wakikua huhamia mbali kutafuta kazi. Wazee hubaki peke yao katika nyumba kubwa. Mzee akiugua hupelekwa katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, mahali asipomjua mtu. Mume akiugua huenda upande huu, mke hubaki upande ule.

Marafiki wakafikiri. Je, haiwezekani kuwa na kijiji kimoja ambamo mzee huingia akiwa bado na nguvu, akapata majirani, na akiugua akatunzwa papo hapo mpaka kufa kwake? Mwaka 1967 walifungua kijiji cha namna hiyo kiitwacho Foulkeways. Mwaka 1973 wakafungua Kendal. Mwaka 1977 wakafungua kingine karibu na Kendal, kiitwacho Crosslands.

Hivi ndivyo mambo yanavyokwenda. Mzee akiingia hulipa fedha nyingi mara moja. Baada ya hapo hulipa kila mwezi. Hupewa nyumba ndogo. Nyumba zinafuatana, na njia zenye paa huziunganisha na ukumbi wa chakula, maktaba na zahanati. Akianza kudhoofu, huletewa mtu wa kumsaidia kuoga na kuvaa. Akiugua sana, huhamia katika sehemu yenye wauguzi usiku na mchana. Sehemu hiyo iko ndani ya kijiji hicho hicho. Mume au mke wake anaweza kwenda kwa miguu kumwona kila siku.

Kijiji si mali ya tajiri mmoja, wala hakuna anayegawana faida. Fedha inayobaki hurudishwa katika kazi. Tena kijiji si cha Marafiki peke yao. Watu wa dini yoyote, hata wasio na dini, hupokelewa.

WAZEE WENYEWE HUENDESHA MAMBO

Usidhani kwamba wazee hao hukaa tu wakingoja kufa. La, sivyo. Kendal ina wafanyakazi wanaolipwa, lakini wazee wana chama chao na kamati zao. Wako wanaotunza maktaba. Wako wanaolima bustani. Wako wanaofanya kazi za mikono, na wanaokwenda nje kusaidia shuleni. Aliyekuwa mwalimu huendelea kufundisha. Aliyekuwa fundi huendelea kutengeneza. Jungu kuu halikosi ukoko.

Kuna jambo jingine walilolirithi kwa Marafiki, nalo ni jinsi ya kufanya mikutano. Marafiki hawapigi kura. Jambo likiletwa, watu huanza kwa kukaa kimya. Kisha mmoja husema, wengine humsikiliza mpaka amalize. Mwenye kuongoza husikiliza mawazo yote, halafu husema, "Naona tumeelekea hapa." Wote wakikubali, huandikwa. Kama mtu mmoja ana shaka kubwa, husubiri. Hutafuta njia nyingine.

Wewe utasema, "Mkutano huo utachelewa!" Ni kweli, huchelewa. Lakini Marafiki husema kwamba kura ina mshindi na mshindwa, na mshindwa huondoka na kinyongo. Jambo lililokubaliwa na wote hutekelezwa na wote.

KAMBA ZA WAZEE

Sasa tufike kwenye jambo kubwa kuliko yote.

Miaka ya 1970 na 1980, katika nyumba nyingi za kutunzia wazee huko Marekani, wazee walifungwa. Ndiyo, ndugu msomaji, walifungwa. Wengine walifungwa mikanda kiunoni katika viti. Wengine walivalishwa fulana zenye kamba, kamba zikafungwa kitandani. Wengine walifungwa mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1980, karibu wazee 40 katika kila 100 waliokuwa katika nyumba hizo walikuwa wakifungwa.

Waliowafunga hawakuwa watu wakatili. Walisema, "Tukimwacha ataanguka, atavunjika nyonga." Au, "Atatoka nje, atapotea." Au, "Sisi ni wachache, hatuwezi kumwangalia kila saa." Wengine waliogopa kushtakiwa na jamaa za mzee.

Kendal ilipofunguliwa mwaka 1973, iliamua kwamba hakuna mzee atakayefungwa. Watu wakashangaa. Wakasema wazee watavunjika. Kendal ikaendelea.

Mtu aliyefungwa hapati usalama. Misuli yake hulegea kwa kukosa kutembea. Ngozi yake hutoka vidonda vya kulala mahali pamoja. Hushindwa kwenda chooni kwa wakati, akajichafua, akaona haya. Hukasirika au hukata tamaa, akaacha kusema na kula. Akijaribu kujinasua, huanguka vibaya zaidi. Wako waliokufa kwa kunyongwa na kamba zile zile zilizowekwa ili kuwalinda.

Basi wauguzi wa Kendal walijifunza kuuliza, "Kwa nini mzee huyu anainuka?" Hawakuuliza, "Tumzuieje?" Mzee anayeinuka usiku huenda anatafuta choo. Mpeleke chooni kabla hajalala, na tena usiku wa manane. Huenda ana maumivu. Mpe dawa. Huenda kiti kinamchoma. Mbadilishie kiti. Huenda ana njaa, au hofu, au alizoea kuamka alfajiri kwenda kazini miaka 40. Kaa naye, zungumza naye, tembea naye. Kama anaweza kuanguka kitandani, shusha kitanda kiwe karibu na sakafu.

Je, kuna mzee aliyeanguka Kendal? Wapo walioanguka. Kendal haikuficha. Lakini walisema kwamba kutembea na kuhatarisha kuanguka ni sehemu ya maisha ya mtu mzima. Kumfunga mtu miaka mitano ili asianguke siku moja si kumtunza.

Mwaka 1986 Kendal ilianza kuwafundisha watu wa nyumba nyingine. Kampeni yao waliipa jina lenye maana ya "Wafungueni wazee." Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya nyumba za wazee. Sheria hiyo ilisema kwamba mzee ana haki ya kutofungwa kwa ajili ya adhabu au kwa kuwarahisishia wafanyakazi kazi. Desemba 1989 Kendal na kamati ya wazee ya Baraza la Seneti walifanya mkutano mjini Washington, wakaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Tangu wakati huo kamba zimepungua sana. Siku hizi wanaofungwa ni chini ya wazee 5 katika kila 100.

Sasa rudi York, kwa Hannah Mills. Unaona? Tangu kufa kwake hadi sheria ile ilipita miaka karibu 200. Minyororo ya York na kamba za wazee ni jambo moja. Wazo lililozifungua nalo ni moja: ndani ya mtu huyu kuna nuru, hata kama akili yake imepotea.

KASORO YAKE

Tumesema tusiwasifu kupita kiasi. Kendal ina kasoro kubwa, nayo ni gharama. Anayeingia ni mtu aliyeuza nyumba yake, au aliyekuwa na mshahara mzuri na akiba. Mkulima maskini wa Marekani, au mfanyakazi anayechuma uyoga pale jirani, hawezi kuingia kwa urahisi. Vijiji vingi vya aina hii vina mfuko wa kumsaidia mwenzao aliyeishiwa fedha baada ya kuingia. Lakini kizuizi cha mlangoni kipo. Dini inayosema watu wote ni sawa inajua kwamba mlango huu si sawa kwa wote. Marafiki wenyewe wanalisema jambo hili katika mikutano yao.

Jambo la pili, wazee hao wametengwa na watoto. Vijiji vingine vya Kendal vimejaribu kurekebisha hilo. Kule Oberlin, katika jimbo la Ohio, kuna kijiji kilichofunguliwa mwaka 1993. Ndani yake imewekwa shule ya watoto wadogo. Wazee huwasomea hadithi, na watoto huwasukumia viti vya magurudumu.

MARAFIKI WALIFIKA HATA KWETU

Labda ulidhani Marafiki ni watu wa ng'ambo tu. Hapana. Mwaka 1897, mwaka ambao Sultani wa Zanzibar alitoa amri ya kuondoa utumwa, Marafiki wa Uingereza walikuja Pemba. Walipata shamba la mikarafuu mahali paitwapo Banani. Watu waliokuwa watumwa walifanya kazi pale kwa ujira.

Mwaka 1902 Marafiki watatu kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi ya Kenya. Walijenga shule, hospitali na mashine ya kupasua mbao. Mwaka 1934 wengine walifungua kituo Kibimba, nchini Burundi. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wao huabudu kwa nyimbo na mahubiri, tofauti na wale wa Pennsylvania ambao wengi huabudu kwa kukaa kimya.

SISI TUJIFUNZE NINI

Ndugu msomaji, hatukuambii ujenge Kendal kijijini kwako. Sisi wazee wetu tunao nyumbani, na hilo ni jambo jema. Lakini kuwa na mzee nyumbani si sawa na kumtunza mzee. Yuko bibi anayefungiwa ndani mchana kutwa watu wakienda shamba. Yuko babu anayefungwa kamba mguuni kwa sababu amesahau njia na hutangatanga. Waliofanya hivyo wanampenda. Wameshindwa tu.

Basi jaribu haya:

1. Mzee akihangaika, tafuta sababu kwanza. Ni choo? Ni maumivu? Ni kiu? Ni upweke?

2. Mshushie kitanda, au mtandikie mkeka na godoro chini. Ondoa mawe, magogo na vyombo njiani kwake. Mkatie fimbo nzuri.

3. Mtembeze kila siku, hata hatua 20. Mguu usiotumika hufa.

4. Kama hawezi kuinuka, mgeuze ubavu kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda.

5. Mpe kazi anayoiweza. Achambue mboga, apukuchue mahindi, awasimulie watoto.

6. Kama anapotea njia, waambie majirani wote. Panganeni zamu. Mtu mmoja akichoka ndipo kamba hutafutwa.

7. Usiseme juu yake kana kwamba hayupo. Muulize yeye mwenyewe anataka nini.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji fedha ya Marekani. Yanahitaji muda, na yanahitaji watu zaidi ya mmoja.

Ukimaliza kusoma gazeti hili, msomee mzee wa nyumbani kwako. Kisha nyamaza kidogo, umsikilize atakalosema.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Kwa nini Marafiki waliamini kwamba watu wote ni sawa?

2. Ilichukua miaka mingapi tangu barua ya Germantown mpaka Marafiki wa Philadelphia walipokataa utumwa? Kwa nini ilichelewa hivyo?

3. Taja madhara matatu ya kumfunga mzee.

4. Kijijini kwenu yuko mzee anayefungiwa ndani au kufungwa kamba? Majirani mnaweza kupangaje zamu ya kusaidia nyumba hiyo?